Nani Alisema Hatua 10,000?

Mwaka jana mwezi wa tisa nilipimwa presha, daktari akaniuliza, "Una miaka mingapi?" Nikamwambia 22. Akapima tena. Halafu akaniuliza umri mara ya pili, kama mtu anayeshuku nimemdanganya.

Wasee, kazi yangu ni kukaa. Naandika nikiwa nimekaa, narekodi nikiwa nimekaa, nahariri video mpaka saa nane usiku nikiwa nimekaa, na kando yangu kuna chipsi. Daktari hakuniandikia dawa. Alisema nipunguze chumvi, nianze kutembea, nirudi baada ya miezi mitatu.

Shida ni kwamba mimi ndiye yule mtu wa familia ambaye hamalizi kitu. Chuo niliacha mwaka wa pili. Jimu nililipia miezi mitatu nikaenda siku tisa. Shangazi yangu akisikia nimeanza jambo, huuliza tu, "Na hili utalimaliza?" Sasa simu yangu nayo ikaniambia lengo ni hatua 10,000 kwa siku. Siku ya nne nilifika 3,100, nikajiambia, ndio hiyo, nimefeli tena.

Halafu nikajiuliza swali ambalo ningeuliza siku ya kwanza: kwani nani alisema 10,000?

Jibu lilinipeleka Japani. Mwaka 1964 Tokyo iliandaa Olimpiki, na watu wakawa wanazungumzia mazoezi kuliko kawaida. Mwaka uliofuata, 1965, kampuni ya saa inayoitwa Yamasa ikatoa kifaa cha kuvaa kiunoni cha kuhesabu hatua. Wakakiita manpo-kei. Man ni elfu kumi, po ni hatua, kei ni kipimo. Basi, hiyo ndiyo siri yote. Namba nzima nzima, rahisi kukumbuka, na hata herufi ya Kijapani ya elfu kumi, 万, ukiiangalia vizuri inafanana na mtu anayetembea. Vikundi vya watembeaji vikaidaka, ikasambaa, na miaka mingi baadaye ikaingia kwenye simu yako kama amri ya daktari.

Sayansi ilikuja kuikagua namba hiyo baadaye sana. Mwaka 2019 ulitoka utafiti ulioongozwa na I-Min Lee wa Harvard, uliofuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000 Marekani. Waliokuwa wakitembea karibu hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa katika kipindi hicho kuliko waliotembea karibu 2,700. Faida ilitulia karibu 7,500. Najua mimi si nyanya wa miaka 72. Lakini zile 3,100 zangu hazikuwa sifuri.

Kuna watu wakisikia hii hadithi wanasema, "Kumbe tulichezwa!" Mimi naona tofauti. Namba ya kutungwa na watu wa saa imewatoa watu wengi kitini kuliko mawaidha mengi ya kweli. Ukiambiwa "tembea zaidi", unaitikia na kubaki umekaa. Ukiambiwa umebakisha hatua 600, unainuka kwenda dukani hata kama sukari haijaisha.

Na Wajapani hawakuanzia hapo. Mwaka 1928 bima ya posta ya Japani ilianzisha mazoezi ya viungo kwenye redio. Wazo walilipata Marekani, ambako kampuni ya bima ya Metropolitan Life ilikuwa na kipindi kama hicho tangu 1925. Fikiria tu kwa nini bima: ukiishi miaka mingi, unalipa miaka mingi. Lakini angalia walivyofanya. Hawakusoma orodha ya magonjwa redioni. Waliweka piano, wakaweka mtu wa kuhesabu, mazoezi mafupi, watu wakakusanyika uwanjani mtaa mzima. Watoto wakati wa likizo wakapewa kadi, na kila asubuhi ukifika unagongewa muhuri. Mtoto anaamka alfajiri kwa sababu ya muhuri! Kiafya hauna maana yoyote, lakini ukikosa siku moja, hilo pengo kwenye kadi linakuuma.

Hii historia ina upande mchungu pia. Wakati wa vita serikali ya kijeshi iliyapenda sana mazoezi hayo, maana umati unaosogea pamoja kwa sauti moja ni kitu ambacho watawala wa aina hiyo hupenda. Yakapelekwa hadi Korea na Taiwan, zilizokuwa chini ya ukoloni wa Japani. Baada ya Japani kushindwa mwaka 1945, yalisitishwa. Yalirudi 1951 na muziki mpya, na mpaka leo NHK huyarusha saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa hivyo ujanja ule ule unaweza kukujenga mwili au kukupanga foleni. Kabla hujacheza mchezo wa mtu, uliza lengo ni la nani.

Mimi niliamua kutunga wangu. (Na kabla hujanicheka: kuna watu kila asubuhi wanatoka Mukuru kwa miguu kwenda Industrial Area kwa sababu ya nauli. Hao hawahitaji motisha. Haya maneno ni yetu sisi tunaokaa.) Nikabandika karatasi ukutani, nikachora barabara ya Mombasa: Athi River, Sultan Hamud, Emali, Mtito Andei, Voi, Mariakani, Mombasa. Kama kilomita 480. Kilomita nne kwa siku, siku 120. Nikachonga muhuri kwa kiazi, vile tulivyofanya shule ya msingi, na kila siku niliyotembea niligonga. Nikifika mji, narekodi sauti kama kondakta, "Emali! Wa Emali tushuke!" naituma kwenye grupu ya familia.

Je, nilitembea kila siku? Wapi! Ndani ya siku 90 nilikosa 23. Desemba wenzangu wakiposti picha za Diani, mimi nilikuwa nimepita Mtito Andei tu. Lakini kadi ya kiazi ilinifundisha kitu ambacho chuo hakikunifundisha: siku ukikosa, hurudishwi Nairobi. Unaanzia pale uliposimama. Presha ilikuwa imeshuka kidogo, daktari akasema niendelee hivyo hivyo.

Miaka yote niliamini kuna watu wamezaliwa na nidhamu na mimi nilikosa foleni siku inagawanywa. Sasa nafikiri wengi wao kuna mtu aliwawekea piano. Usipowekewa, jiwekee.

Jana nimeingia Voi. Shangazi hajauliza tena kama nitamaliza. Siku hizi kila Jumapili anapiga simu kuuliza, "Umefika wapi?" na ameahidi pilau nikifika Mariakani. Nimebakisha kilomita mia na kitu, na wacha niwaache hapa, bado sijatembea za leo.