Mbuta wa Kisumu Hupimwa Aje Ndio Aingie Ulaya?

Kuuzia Wazungu mbuta si kujaza katoni na kurusha kwa ndege tu. Kiwanda lazima kiwe kwa listi ya Umoja wa Ulaya, na mzigo uwe na cheti cha afya cha serikali ya Kenya. Ukifika mpakani, maofisa hucheki makaratasi, halafu kama samaki ni wale wameandikwa. Mizigo mingine hufunguliwa, sampuli ikaenda maabara. Ikifeli, inarudishwa ama kuharibiwa, na hasara ni yako, buda.

1999 ilikuwa noma zaidi. Wasee fulani walimwaga dawa ya wadudu Ziwa Victoria ndio wavue chapchap. Ulaya ikafungia samaki wa Kenya, Uganda na Tanzania, hata wavuvi wasio na makosa wakaumia. Kenya ilirudi sokoni 2000.