Gitaa la Kericho Lilianzia Kwenye Santuri

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya makao yake Afrika Kusini na kuzunguka bara akinasa muziki wa wenyeji, alifika Kapkatet katika wilaya ya Kericho ya siku hizo. Katika nyimbo alizorekodi huko zipo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Mbili ni za wanaume. Ya tatu, iliyopata umaarufu kushinda zote, iliimbwa na wasichana wa Kikipsigis wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, na chini ya sauti zao kunasikika chepkong'o, kinubi cha nyumbani kilichowambwa ngozi.

Chemirocha mwenyewe ni Jimmie Rodgers wa Mississippi, mwimbaji Mmarekani aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Sahani zake zilikuwa zimefika nyanda za chai pamoja na gramafoni za kuzungusha kwa mkono. Watu wa Kapkatet walimsikia, wakamfanya wao. Kwa maelezo ya Tracey, katika wimbo wa wasichana mgeni huyo amekuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, anaalikwa acheze ngoma mpaka kaptula imdondoke.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida msimulizi huishia kwenye kicheko. Kuna jambo jingine ndani yake linalomhusu fundi wa ala. Rodgers alikuwa mpiga gitaa. Kwa hiyo mlio wa gitaa ulikuwa umeshaingia Kapkatet, ukasikilizwa na kujibiwa kwa nyuzi za chepkong'o, katika nyumba ambazo nyingi hazikuwa na gitaa lenyewe. Anayetaka kuandika historia ya gitaa la kutengenezwa nyumbani huku Kericho na Bomet aanzie hapo, kwa watu waliopata sauti kabla ya kupata kifaa.

Kwingineko mambo yalikwenda kinyume. Marekani na Uingereza kijana asiye na pesa za dukani alianzia kwenye karatasi. Jarida la Popular Mechanics lilikuwa likichapishwa tangu mwaka 1902, Practical Wireless tangu 1932, na magazeti ya namna hiyo yalijaa michoro ya vitu vya kujiundia nyumbani, kuanzia redio hadi amplifaya. Mfano unaojulikana zaidi wa moyo huo ni Brian May, aliyekuja kupiga gitaa katika bendi ya Queen. Mwaka 1963 yeye na baba yake, mhandisi wa vifaa vya umeme, walianza kuunda gitaa la umeme kwao nyumbani, na shingo yake wakaichonga kutoka kwenye mbao za meko ya zamani. Gitaa hilo amelitumia katika maisha yake yote ya muziki.

Kazi ngumu katika gitaa ni hesabu ya vizuizi vya shingoni, ile mistari ya chuma inayogawa sauti. Mafundi wa kale wa Ulaya walitumia kanuni ya 18: pima urefu wa uzi, gawa kwa 18, weka kizuizi cha kwanza, pima urefu uliobaki, gawa tena kwa 18, weka cha pili, endelea hivyo. Kwa uzi wa milimita 648 kizuizi cha kwanza kinakaa milimita 36 kutoka juu. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini ina kasoro. Kizuizi cha 12 kinapaswa kuangukia nusu kamili ya uzi, milimita 324, na kwa kugawa kwa 18 kinaangukia kama milimita 2 na ushei kabla ya hapo. Sikio zuri linaudhika. Ndiyo maana siku hizi wanaochora michoro ya gitaa hugawa kwa 17.817.

Mpiga chepkong'o hakuhitaji hesabu hiyo hata kidogo. Kinubi hakina vizuizi. Kila uzi una sauti yake moja, na mwenyewe anaukaza hadi usikike sawa na wenzake. Fundi wake alijifunza kwa kukaa karibu na fundi mwingine: mti gani ni mwepesi kuchonga bila kupasuka, ngozi iwambwe ikiwa mbichi kiasi gani, mikono miwili ya mti isimame kwa upana gani. Vipimo vilikuwa vya shubiri na vidole.

Kisha kukawa na majirani. Kampuni ya Brooke Bond ilianza kupanda chai Kericho mwaka 1924, na mashamba makubwa ya makampuni yakavuta vibarua kutoka kila upande. Kambi za wafanyakazi zilijaa Wajaluo, Wakisii na Waluhya pamoja na Wakipsigis wenyewe. Ukitazama ramani ya ala za Kenya, hao wote ni watu wa vinubi: Wajaluo wana nyatiti, Wakisii obokano, Wabukusu wa Kiluhya litungu. Ni vigumu kupata mahali pengine Kenya ambapo ala za ukoo mmoja zingeweza kusikika karibu hivyo jioni moja baada ya kupima majani. Mshahara nao ulileta kitu ambacho shamba la mtama halikuleta, yaani pesa taslimu mwisho wa mwezi, na pesa hizo zilinunua gramafoni, sahani, na kwa wachache gitaa la kiwandani.

Kwa wengi lilibaki gitaa la debe. Vijana wa Kenya wamelitengeneza kwa vizazi kadhaa, na namna yake haibadiliki sana: debe au mkebe mkubwa wa mafuta kuwa tumbo, ubao kuwa shingo, misumari au vijiti kuwa vikazio, na waya za breki za baiskeli zilizofumuliwa kuwa nyuzi. Kongo nako kulikuwa hivyo hivyo. Franco Luambo, aliyezaliwa mwaka 1938 na kuja kuitikisa Afrika nzima, alianza na gitaa la mkebe alilojiundia mwenyewe, nyuzi zake zikiwa waya za umeme zilizovuliwa ganda.

Gitaa la namna hiyo halishiki sauti ya Kizungu sawasawa. Kwa mtu aliyekulia kwenye chepkong'o hiyo haikuwa hasara kubwa. Aliweza kukaza nyuzi jinsi kinubi kinavyokazwa, akadonoa kwa kidole gumba na cha shahada, mdundo mfupi unaojirudia huku sauti ya mwimbaji ikipita juu yake. Sikiliza muziki wa gitaa wa Wakalenjin, jamii pana ya Wakipsigis, wa miaka iliyofuata, halafu rudia rekodi za 1950. Ule mwendo wa kuzunguka palepale bila haraka ya kwenda kokote umetoka kwenye kinubi. Haukununuliwa dukani.

Masomo mengine yalikuja kwa redio. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Tracey alimrekodi Jadotville mwaka 1952, alifika Nairobi mwaka 1959, na upigaji wake wa vidole ukaigwa kote Kenya. Edward Masengo naye alitoka huko huko. Fundi Konde, mtu wa pwani, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kushika gitaa la umeme. Sauti zao ziliwafikia vijana wasiopata kuwaona, nao walilazimika kukisia vidole vilikuwa wapi.

Wakati huohuo mizigo ilikuwa ikivuka bahari kwa njia za ajabu. Vijana wa Uingereza wa miaka ya 1950 walitengeneza besi ya nyumbani kwa kasha la chai, lile sanduku la mbao nyembamba lililosafirishia chai hadi London, wakalitia mpini wa ufagio na kamba moja. Bendi ya kwanza ya John Lennon wa Liverpool ilikuwa na besi ya kasha la chai, na gitaa lake mwenyewe la mwaka 1957 lilikuwa Gallotone Champion, la bei rahisi, lililoundwa Afrika Kusini. Kijana wa Liverpool alikuwa na gitaa la Afrika akiiga Wamarekani. Wa Kapkatet alikuwa na kinubi cha Kikipsigis akiwaitikia Wamarekani hao hao.

Gitaa la umeme lilikuwa na shida yake, nayo ilikuwa stima. Kifaa chenyewe si kigumu kukielewa. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, unazalisha umeme mdogo sana ndani ya waya, na amplifaya inaukuza. Uzi wa nailoni haufanyi kitu hapo. Waya wa breki, kwa kuwa ni chuma, unafanya. Spika ya masikioni kutoka kwenye simu au redio ya zamani ina sumaku na mizunguko hiyo tayari, na redio iliyokwisha kazi ina amplifaya ndani yake. Vipande vyote viliweza kupatikana soko lolote la vyuma chakavu.

Umeme wa kuviendesha ndio uliokuwa adimu. Viwanda vya chai vilikuwa na mashine zake, lakini waya haukuteremka hadi kijijini. Hospitali ya Tenwek, Bomet, ilipata umeme wa maji kutoka mto Nyangores mwaka 1987 kwa kujenga bwawa lake yenyewe, na hata hapo vijiji vingi vya jirani viliendelea na koroboi. Mpango wa serikali wa kufikisha stima kwenye nyumba za mashambani ulishika kasi katika miaka ya 2010 tu. Kabla ya hapo dansi ya kijijini ilikuwa na betri ya gari kando ya jukwaa, na betri ikizimika, gitaa la debe halikuwa na tatizo lolote.

Mjini Kericho kulikuwa na Chandarana, duka la muziki lililorekodi na kutoa santuri zake lenyewe. Huko ndiko bendi za Kikalenjin, za Kiluo, za Kikisii na za Kiluhya zilikokwenda kuacha sauti kwenye sahani ndogo za 45, wimbo mrefu ukikatwa sehemu mbili, upande huu na upande ule. Kipchamba arap Tapotuk na bendi ya Koilong'et walipata jina katika zama hizo za santuri, na Kipchamba bado anatajwa wa kwanza wakati wowote gitaa la Kikalenjin linapozungumziwa. Hilo ni jambo la kushangaza kwa mji wa chai: studio yake ilihifadhi sauti za jamii zilezile zilizoishi katika kambi za mashamba.

Katikati ya miaka ya 2010 maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, iliyopo Makhanda, Afrika Kusini, ilishirikiana na Tabu Osusa na wenzake wa Ketebul Music wa Nairobi kuzirudisha rekodi za 1950 kwa Wakipsigis, wakiwemo baadhi ya wazee waliorekodiwa na waliokuwa bado hai. Sauti zimerudi, basi. Vipimo havijarudi, kwa sababu havikuwahi kuandikwa. Kuna nyumba Bomet na Kericho ambamo chepkong'o imetundikwa ukutani, au gitaa la debe limetupwa darini, na sahani za Chandarana zimepangwa chini ya kitanda. Aliye na kitu cha aina hiyo asikiuze kwa mnunuzi wa vyuma. Achukue futi, apime urefu wa uzi na kina cha tumbo, amuulize mzee ni mti gani na ni ngozi ya mnyama gani, achore kwenye daftari la shule, na nakala aipeleke kwenye maktaba ya kaunti.