Nepi, maji ya kisima na historia ya sabuni ya unga

Ukifua nepi za kitambaa kwa maji ya kisima, iwe Kibaha au Kisarawe, huenda umeliona hili: mche wa sabuni unaisha, povu halitoki, nepi inakauka ngumu kama turubai. Tunalaumu sabuni, kumbe shida iko kwenye maji. Kalsiamu na magnesiamu ya maji magumu hushikana na sabuni, utando unaganda kwenye nyuzi, na nepi haifyonzi tena mkojo.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mafuta ya kutengenezea sabuni yaliadimika Ujerumani, wanakemia wakatafuta mbadala. Mbadala huo haukufanya utando. Mwaka 1946 Marekani ikapata Tide, sabuni ya unga iliyoongezewa fosfeti za kuikamata kalsiamu.

Bomba la maji ya Ruvu lilizinduliwa Kisarawe mwaka 2020, ila anayetegemea kisima bado ana swali lile lile. Basi kabla ya kununua pakiti ya bei mbaya, tikisa maji na vipande vya mche kwenye chupa. Yakiwa meupe bila povu, ni magumu: fulia unga wa kawaida, suuza sana, na ukipata maji ya mvua, yasuuzie nepi za mtoto.