Kiwanja si parseli

Bandugu, jina la mji wetu lina maana mbili. Hapa Kiwanja, ukisema "twende kiwanjani," watoto wanachukua mpira. Lakini soma magazeti ya Kenya ao Tanzania utakuta "viwanja vinauzwa". Kwao kiwanja ni kile sisi tunaita parseli. Neno ni moja, ila moja ni mahali pa wote, ingine ni mahali pa mwenye makuta. Nairobi walipigania bustani zao kati ya hizo maana mbili, na ile historia inatugusa sisi kabisa.

Uhuru Park ilifunguliwa na Jomo Kenyatta mwaka 1969, karibu hekta 13 kando ya katikati ya mji. Hata asiye na kitu mfukoni aliweza kulala kwenye majani yake Jumapili bila kuulizwa. Mwaka 1989, chama cha KANU kilichotawala, pamoja na Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza, kilitaka kusimamisha pale jengo la ghorofa 60, na sanamu kubwa ya Rais Moi. Gharama ilikadiriwa dola karibu milioni 200, nyingi za kukopa.

Wangari Maathai alikuwa na doktora tangu 1971. Silaha yake ilikuwa barua. Aliandikia ofisi ya rais, wizara, Unesco. Aliandikia hata balozi wa Uingereza, akamuuliza kama Waingereza wangekubali jengo la vile katikati ya Hyde Park, London. (Barua tu! Sisi wa lisanse tunajua kuandika, lakini tunaandika za kuomba kazi.) Bungeni walimtukana. Moi akasema mwanamke anayefuata mila ya Kiafrika angeheshimu wanaume na kunyamaza. Mahakama Kuu ikatupa kesi yake, na shirika lake, Green Belt Movement, likafukuzwa kwenye ofisi ya serikali walimokuwa wanafanyia kazi. Lakini wenye kukopesha nao walianza kujiuliza: nchi inayoomba misaada inajengea nini mnara? Wakajitoa. Mwaka 1992 uzio uliokuwa umezunguka ile sehemu ukaondolewa.

Wengi wanaishia hapo, juu hapo ni patamu. Mimi mtu wa agronomia nauliza: kisha uzio kutoka, nani alikata majani?

Maana bustani inaweza kufa bila mtu kujenga hata tofali. Maelfu ya miguu ikipita palepale, udongo unashindiliwa. Zile nafasi ndogo zinazobeba hewa na maji zinajifunga, mizizi inakosa pumzi, mvua inateleza juu badala ya kuingia. Majani yanaisha, kunabaki vumbi, na masika ikifika, matope. Dawa yake si ya ajabu: kupumzisha sehemu moja moja, kutoboa udongo, kuweka mboleo, kupanda tena, na kulipa watu wa kufanya hiyo kazi kila mwezi. Uhuru Park ndipo katiba mpya ya Kenya ilitiwa sahihi Agosti 2010, lakini kwa miaka watu walilalamikia takataka na wezi mule mule. Mwaka 2021 ilifungwa kwa ukarabati, ikakaa imefungwa zaidi ya mwaka. Kwangu mimi ile ni bei ya kuchelewa: matunzo ya kila siku yakikosekana, unalipa kwa kufungia wananchi mlango. Na mbaya zaidi, mahali palipochakaa panafanana na mahali pasipo na mwenyewe. Mwenye tamaa anapita, anasema hapa pako bure.

Angalia Jeevanjee Gardens, mule mule Nairobi. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwaachia wakaaji wa mji ile bustani mwaka 1906. Mwaka 1991 kukatokea mpango wa kujenga juu yake. Mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza watu kupinga, na bustani iko mpaka leo. Walikuwa na cha kuonyesha: nani alitoa, mwaka gani, kwa ajili ya nani.

Na sisi? Hapa kwetu mahali wazi si pa mpira tu. Novemba 2008, vita vilipoingia Kiwanja, watu walikimbilia uwazi kando ya kituo cha MONUC, wakalala pale. Kule nilikochezea mpira nikiwa primeri, leo kuna vijiti vya kupimia parseli. Nimeuliza wazee watano karatasi ya ule uwanja iko wapi. Kila mmoja ananituma kwa mwingine. Wiki hii naandika barua kwa watu wa kadasta, kuuliza viwanja gani vya mji vimeandikwa kuwa vya wote. Mwenye kutaka kuweka sahihi pamoja nami, aandike jina lake hapa chini.