Kiharusi na Mvujo wa Kimya: Historia Fupi ya Dhana Moja ya Tiba

Neno kiharusi lilitokana na kuutazama mwili: mtu ameanguka ghafla, upande mmoja umepooza, mdomo umepinda, kauli imepotea. Waliolitumia hawakuhitaji kujua kilichotokea ndani ya fuvu.

Mwaka 1868 Charcot na Bouchard, matabibu wa Ufaransa, walichunguza ubongo wa watu waliokufa kwa kuvuja damu, wakaeleza vivimbe vidogo katika mishipa myembamba. Mwaka 1971, huko London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa siti-skani. Kwa chombo hicho iliwezekana kutofautisha kwa mtu aliye hai kiharusi cha kuvuja damu na kile cha kuziba mshipa. Katika miaka ya 1990 mashine ya sumaku, yaani MRI, ilionyesha jambo jipya: madoa meusi ya chuma kilichoachwa na damu, kwa kawaida yasiyozidi milimita 10, kwa watu wasiopata kuanguka kamwe.

Madoa hayo huambatana na shinikizo la juu la damu au uchakavu wa mishipa uzeeni. Huashiria hatari ya kuvuja damu nyingi baadaye. Lakini si kipimo cha ukali. Ukali wa kiharusi cha kuvuja damu hutegemea hasa wingi wa damu, mahali ilipovujia, umri wa mgonjwa na kiwango cha fahamu zake.

Dodoma, iliyoteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ilipata chuo kikuu mwaka 2007 na Hospitali ya Benjamin Mkapa mwaka 2015. Hivyo istilahi hii si ya vitabuni tu. Mfasiri akiandika "kiharusi kidogo", amepotosha: mgonjwa hakupata kiharusi, na jina hilo watu hulitumia kwa kiharusi cha kupita. Akiandika "damu imevuja ubongoni" bila zaidi, mkulima wa mtama wa Kongwa atarudi nyumbani kuwausia wanawe.

Twapendekeza basi "mvujo mdogo wa kimya ubongoni". Mvujo huonyesha udugu wake na kuvuja damu. Neno kiharusi libakie kwa ugonjwa wenye dalili. Hata hivyo, mwalimu asisahau kueleza kwamba kimya si usalama: presha haina budi kupimwa, na dawa zisiachwe. Maoni ya wasomaji yanakaribishwa.