Sare za Ngoma na Hesabu Zake

Katika bajeti ya mwaka huu mtaona kifungu cha sare za kikundi chetu cha lelemama, chini kabisa, baada ya karo na dawa za zahanati. Kifungu hicho kimeleta maneno. Wako waliouliza vipi tuchangishe fedha za nguo za kuchezea ilhali watoto hawana karo. Ni swali la haki, na kwa kazi yangu ya uhasibu mara nyingi mimi ndiye huliuliza. Lakini Mombasa ina historia yake katika jambo hili, na sisi tuliohamia Nairobi na ng'ambo huisahau.

Ngoma ya beni ilianza pwani katika miaka ya 1890, jina likitokana na neno la Kiingereza la bendi. Mjini kwetu vyama vilivyovuma katika kushindana vilikuwa Kingi na Scotchi: tarumbeta, gwaride, vyeo vya kijeshi, na kila cheo na vazi lake. Scotchi walivaa sketi za Kiskoti. Wanahistoria wamebishana sana kama wazee wetu walikuwa wakimwiga Mzungu au wakimfanyia mzaha. Mimi naona majora ya kitambaa. Sketi kamili ya Kiskoti, kwa sababu ya marinda yake, hula kiasi cha yadi 8. Wachezaji 30 ni yadi 240, na jora moja tulihesabu kwa yadi 30, basi ni majora 8 ya kitambaa kimoja na rangi moja. Hata wakipunguza marinda wakashonea yadi 4, ni majora 4, na hapo bado koti, kofia, uzi na vishikizo. Kitambaa kikiisha dukani katikati ya kazi, sare imeharibika. Kwa hiyo fedha lazima ziwe zimepatikana kabla fundi hajashika mkasi, na vyama hivyo vilikuwa na michango ya wanachama, ile ile iliyosaidia mtu akifiwa.

Akina mama walikuwa na vyama vyao vya lelemama. Waliotajika zaidi ni Ibinaal Watan na Banu Saada, na ushindani wao haukuwa wa nyimbo tu. Nguo nayo ilisema, hasa leso. Zama hizo leso zilipigwa chapa Ulaya, baadaye Japani na India, kwa michoro iliyotumwa na wafanyabiashara wa huku. Duka la Kaderdina Hajee Essak, tunalolijua kwa chapa ya Mali ya Abdulla, liko Mombasa tangu 1887. Mchoro uende kwa meli, nguo irudi kwa meli: aliyetaka leso isiyovaliwa na mwengine alianza kufikiri miezi mingi kabla. Bibi yangu mzaa mama alisema kazi kubwa ilikuwa kufunga mdomo. Wapinzani wakijua rangi yenu, watawatangulia dukani.

Alisema pia kwamba vikuku vyake viwili viliwekwa rehani kwa ajili ya sare na havikurudi. Hili tusilifiche tunaposifu mambo ya kale. Hasara, kwa maelezo yake, haikutokana na ngoma yenyewe. Wenzao walicheza Jumamosi wakiwa na nguo mpya, wao wakataka kujibu baada ya wiki mbili, na kitambaa cha haraka kilichukuliwa kwa mkopo bila kuulizana bei.

Hata hivyo, humo ndimo wanawake wengi wa mji walimozoea kuendesha chama: kuitisha mkutano, kukusanya fedha, kutatua ugomvi. Katika miaka ya 1950, Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association zilipoanzishwa Mombasa, zilichipuka miongoni mwa wanawake wa vyama hivyo vya ngoma. Anayesema lelemama ni upuuzi na atazame hapo.

Sasa kikundi chetu. Kina akina mama 26, na ngoma ni baada ya Idi. Mafundi wawili tuliozungumza nao wanakadiria siku moja na nusu kwa kila vazi, pamoja na shanga za shingoni. Kwa wote 26 ni siku 39 za kazi, yaani kama siku 20 kwa mafundi wawili, mbali na siku za kujaribisha na kurekebisha. Na nyote mnawajua mafundi wa Mji wa Kale: Ramadhani ikifika katikati, hakuna anayepokea kazi mpya, kanzu za Idi zimewafika kooni. Kwa hiyo vipimo vichukuliwe mwanzo wa Shaabani, na kitambaa kinunuliwe chote kwa pamoja kabla ya hapo, kwa fedha taslimu. Kamati inaomba michango ya kifungu hiki iingie kabla Rajabu haijaisha. Kitakachochelewa kitaongezwa kwenye karo.