Ua la Uluguru na Nyumba za Vioo za Kaskazini

Msafiri aingiaye Copenhagen mwanzoni mwa Januari hulikuta jua likichomoza kiasi cha saa mbili na dakika arobaini asubuhi, na kabla ya saa kumi limekwisha kuchwa. Miti imesimama mitupu. Lakini katika bustani ya mimea ya mji huo imo nyumba kubwa ya vioo na chuma, iliyokamilika mwaka 1874 kwa hima ya J. C. Jacobsen, mwenye kiwanda cha bia cha Carlsberg. Paa lake la katikati lafikia mita 16, na chini yake hewa ni ya vuguvugu na unyevu, mithili ya mabonde ya Matombo wakati wa masika.

Wala si katika bustani tu. Madirishani mwa nyumba za watu wa kawaida huchanua ua dogo la zambarau, lenye majani ya malaika, hali nje kuna theluji. Wadenmark huliita usambaraviol, Waswidi, saintpaulia. Jirani zao Wafini huliita ua la Paulo, na hivyo ofisa mmoja wa kikoloni amepandishwa cheo akawa mtume.

Ofisa huyo ni Walter von Saint Paul-Illaire, aliyetawala upande wa Tanga na Usambara. Mwaka 1892 alimpelekea baba yake ua hilo Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya Herrenhausen katika Hannover, naye mwaka 1893 akaliita Saintpaulia ionantha. Mwaka huohuo lilionyeshwa Ghent. Punde wauza mbegu wa Erfurt wakalitia sokoni, na katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles wakazalisha aina nyingi mpya. Wasambaa, ambao ua hilo liliota katika miamba yao, hawakupata hata herufi moja katika jina la kitaalamu.

Uluguru nayo inao ndugu wa ua hilo. Mwaka 1898 Walther Goetze alipanda milima hiyo akikusanya mimea. Mwaka uliofuata akafa safarini, kabla ya kurejea kwao. Adolf Engler wa Berlin, mwaka 1900, akaliita moja la maua yake Saintpaulia goetzeana. Sehemu kubwa ya hazina ya mimea mikavu ya Berlin iliteketea kwa mabomu usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, na wataalamu wakalazimika kurudi tena kwenye miamba yenyewe. Ua hili huota juu, penye kivuli, ukungu na usiku wa baridi. Mtu angedhani kwamba ndilo lililostahili kupelekwa kaskazini. Kumbe halikubali maisha ya chungu. Yaliyojaza madirisha ya Copenhagen ni uzao wa ndugu zake wa nyanda za chini na za Usambara. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameliingiza kundi zima katika jenasi ya Streptocarpus, na jina la ofisa limebaki zaidi midomoni mwa wauza maua.

Kisa cha Uluguru, basi, si kisa cha kuchukuliwa ua, bali cha kuzuiliwa msitu. Wajerumani waliutenga msitu wa milima hiyo mwaka 1909, na Waingereza wakaendelea kuulinda mpaka huo. Sababu yao haikuwa ya upuuzi: maji ya milima hii huingia Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam. Tamás Pócs, Mhungari aliyefundisha Morogoro, alipima kuvumwani, mikangaga na mimea mingine iotayo juu ya miti ya Bondwa, akaona kwamba katika msitu mfupi wa kileleni hufikia takriban tani 14 kwa hekta ikiwa imekauka. Hiyo ndiyo sifongo inayokamua ukungu.

Lakini Mluguru aliyesongwa chini ya mpaka alilima mteremko ule ule mwaka hata mwaka. Kuanzia mwaka 1950 serikali ilimwamuru achonge matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na kulipochimbwa sana udongo hafifu wa chini ulikuja juu, mazao yakadhoofu. Mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa. Polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Waliopanga matuta walijua mmomonyoko. Hawakujua, au hawakutaka kujua, kwamba ardhi ya Uluguru ni ya koo, hurithiwa kwa upande wa mama, na haiamriwi kutoka ofisini.

Watu wa kaskazini walikuja baadaye kwa njia nyingine. Norwe ilisaidia mafunzo ya shahada ya misitu yaliyoanzishwa Morogoro mwaka 1973, ambayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kuanzia mwaka 1999 chama cha Denmark cha wapenda ndege kilishirikiana na Watanzania katika mradi wa kuhifadhi Uluguru, kwa fedha za serikali ya Denmark. Na mwaka 2008 misitu hiyo ikatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Mpaka ukawa na jina jipya. Shamba la mharage bado huanzia pale msitu unapokomea, na juu yake, katika mwamba unaotiririka maji, goetzeana huchanua bila kununuliwa na mtu.